Shajara ya mradi: dafnia kwenye chupa, na umri ambao kifo hupiga

Mradi huu unapima mbinu za uzazi na za kuishi kwa kiumbe mmoja tu: dafnia, yule kiroboto wa maji ambaye wafuga samaki humtumia kama chakula. Spishi niliyochagua ni Daphnia magna kwa sababu ya ukubwa wake. Jike aliyekomaa hufika milimita 3 hadi 5, hivyo anaonekana bila hadubini. Naongeza maandishi kila hatua inapokamilika. Anayetaka kurudia kazi hii asikae sana kwenye vifaa. Asome pale palipoharibika, maana huko ndiko muda ulikokwenda.

9 Januari: swali na vifaa

Vitabu vya ikolojia hupenda kugawa viumbe mafungu mawili. Kuna wanaozaa mapema, watoto wengi na wadogo, kisha wanakufa mapema. Na kuna wanaochelewa, wanaozaa wachache wakubwa na kuwatunza. Mgawanyo huo ulipewa herufi zake, r kwa fungu la kwanza na K kwa la pili, na Robert MacArthur na Edward O. Wilson mwaka 1967, na mwaka 1970 Eric Pianka akaupangia jedwali la sifa. r ni kasi ya kuongezeka pale nafasi ilipo tele. K ni idadi ambayo mazingira yanaweza kuibeba. Panya huku, tembo kule (mimba miezi 22, ndama mmoja), na mwanafunzi anafaulu mtihani.

Shida inaanza ukitoka kwenye panya na tembo. Msekwoya mkubwa huweza kuishi zaidi ya miaka 3,000, lakini mbegu zake ni punje ndogo zinazomwagwa kwa maelfu bila matunzo yoyote. Kasa huchukua miongo kukomaa, kama mtu wa fungu la K, halafu anataga mayai kama mia kwenye kiota kimoja na kwenda zake, kama mtu wa fungu la r. Umweke wapi?

Kwa hiyo sikutaka kulinganisha spishi mbili. Nilitaka kujua kama kiumbe mmoja, mwenye vinasaba vilevile, anaweza kusukumwa kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kinachomsukuma ni nini. Dafnia anafaa sana hapa. Hali ikiwa nzuri, jike huzaa bila dume, na mabinti zake ni nakala ya mama. Ukianza na jike mmoja, chupa zako zote zina ukoo mmoja. Tofauti yoyote itakayotokea kati ya chupa na chupa haitoki kwenye damu.

Vifaa: chupa za kioo za lita moja zenye mdomo mpana, vikombe vidogo vya plastiki angavu, dropa iliyokatwa ncha ili tundu liwe pana, lenzi ya mkono ya kukuza mara 10, kipimajoto, taa yenye swichi ya saa, karatasi ya grafu na Excel. Joto nyuzi 20, mwanga saa 16 na giza saa 8.

20 Januari: maji na chakula

Kundi la kwanza lilikufa usiku mmoja. Dafnia hayavumilii maji ya bomba yenye klorini. Kuyaacha wazi siku mbili huku yakipulizwa hewa kulitosha, lakini kama maji yako yametiwa kloramini, hiyo haitoki kwa kuachwa wazi. Tumia dawa ya kuondoa klorini ile ya wafuga samaki. Jihadhari pia na mabomba ya shaba. Kiasi kidogo cha shaba ambacho binadamu hakimdhuru kinatosha kumaliza chupa nzima.

Chakula ndicho kilichosumbua zaidi. Maelekezo mengi husema hamira iliyokorogwa kwenye maji. Inafanya kazi, ila mkono ukizidi kidogo tu, maji yanageuka maziwa, bakteria wanashamiri, na oksijeni inakwisha. Dalili yake ni nzuri kuijua: dafnia waliokuwa hawana rangi wanaanza kuwa waridi, kisha wekundu. Wanatengeneza hemoglobini ili kukamua oksijeni kidogo iliyobaki. Ukiwaona wamekuwa wekundu, badilisha nusu ya maji siku hiyohiyo.

Niliachana na hamira nikahamia mwani wa kijani, ninaoufuga kwenye chupa kubwa karibu na taa. Kipimo cha mwanzo: maji yawe na ukijani hafifu leo, na kesho yawe yameng'aa. Yasipong'aa, umewalisha kupita kiasi.

Jambo jingine dogo lililoua wengi: ukimdondosha dafnia kutoka juu ya maji, hewa hunaswa ndani ya gamba lake na anabaki akielea, hawezi kuzama tena. Ingiza ncha ya dropa ndani ya maji kwanza, ndipo umwachie.

8 Februari: kikombe kimoja, mtoto mmoja

Jedwali la uhai linadai mambo mawili kwa kila umri: ni sehemu gani ya waliozaliwa bado hai, na aliye hai anazaa wangapi. Kwa hiyo kila mtoto aliyezaliwa ndani ya saa 24 aliwekwa kikombe chake peke yake. Kila asubuhi: maji mapya, mwani, hesabu ya watoto, watoto watolewe.

Huo utaratibu ni rahisi kuandika, ila ndio ghali kuliko vyote. Huwezi kuruka asubuhi hata moja, kwa sababu uzao wa leo ukichanganyika na wa kesho kutwa huwezi tena kujua nani ni wa lini. Kama huna mtu wa kukushikia zamu, punguza vikombe kuliko kupunguza siku.

Vifo vya wiki ya kwanza vilionekana vingi mno. Chanzo hakikuwa vifo. Dafnia hujivua gamba kila siku chache, na gamba lililovuliwa ni umbo kamili, lina hata vipapasio, limelala chini ya kikombe kama maiti. Tofauti ipo kwenye jicho: gamba halina ile nukta nyeusi. Tangu hapo hakuna kilichoandikwa kuwa amekufa bila kuangaliwa jicho kwa lenzi, na safu nzima ya vifo vya wiki hiyo ilifutwa.

Ukiwa na lenzi mkononi, kaa kidogo. Mwili wa jike ni angavu, kwa hiyo unaona moyo ukidunda mgongoni, utumbo umejaa ukijani wa mwani, na nyuma yake mfuko wa mayai. Siku ya kwanza mayai ni duara tupu. Siku ya tatu kila moja lina jicho, na wanaanza kujigeuza humo ndani. Wanatoka muda mfupi kabla mama hajajivua gamba. Akishajivua, haichukui muda mayai mapya yanashuka mfukoni. Kwa nyuzi 20 mzunguko huo ni siku 3 hivi, na uzao wa kwanza huja mama akiwa na umri wa wiki moja au zaidi kidogo.

Kuhusu mchoro wa vifo: Raymond Pearl ndiye aliyechora aina tatu za mikondo ya kuishi miaka ya 1920, na Edward Deevey akakusanya majedwali ya wanyama wengi mwaka 1947. Aina ya kwanza ni wale wanaofika uzeeni wengi kisha wanakufa karibu pamoja. Ya tatu ni wale wanaoteketea wakiwa wachanga. Ya pili iko katikati, kifo hakibagui umri. Dafnia wa vikombeni, wasio na adui wala njaa, wanaelekea kabisa aina ya kwanza. Dafnia haohao wakiwekwa kwenye bwawa lenye samaki, mkondo unabadilika. Vitabu vinavyoandika "spishi fulani ni aina ya tatu" vinasahau kutaja mahali.

22 Februari: Haraka na Subira

Hatua hii haina maji. Wakati vikombe vinaendelea, nilijenga mama wawili wa kubuni kwenye Excel. Haraka huzaa mara ya kwanza siku ya 6, watoto 5, kisha 5 tena kila baada ya siku 3. Subira husubiri hadi siku ya 9, kisha naye huzaa kila baada ya siku 3. Swali: Subira azae wangapi kwa kila uzao ili ukoo wake usipitwe na wa Haraka?

Chupa ikiwa tupu, chakula tele na hakuna anayekufa, jibu ni 14. Siku tatu za kuchelewa zinalipwa kwa karibu mara tatu ya watoto. Ukoo wa Haraka huongezeka kwa asilimia 41 kwa siku, na ndani ya siku tatu unakuwa umejizidisha mara 2.79, zidisha kwa 5 utapata karibu 14. Haraka haraka haina baraka, lakini kwenye chupa tupu baraka yote iko kwa mwenye haraka.

Kisha vifo. Niliweka asilimia 5 kwa siku, kwa wote, mkubwa kwa mdogo. Jibu likabaki 14. Asilimia 20 kwa siku: 14 vilevile. Fomula ilikaguliwa upya kila seli, kwa sababu karibu kila maelezo ya mbinu hizi husema kwamba mahali penye vifo vingi ndipo mwenye haraka anaposhinda. Fomula ilikuwa sawa. Kifo kisichobagua umri kinawapunguza wote kwa kiwango kilekile, kwa hiyo kinashusha kasi ya koo zote mbili bila kubadili nani yuko mbele.

Jibu linasogea kifo kikianza kuchagua. Tuseme kuna adui anayekula wakubwa tu: kuanzia siku ya 6, nusu ya waliopo hufa kila siku 3. Sasa Subira anahitaji watoto 25, maana nusu ya wanaosubiri wanaliwa kabla hawajazaa hata mara moja.

Halafu tuseme chupa imejaa. Idadi haikui tena, wachanga wengi wanakufa kwa msongamano siku za mwanzo, na waliovuka hapo wanakufa kwa asilimia 10 tu kwa siku. Hapo Subira anahitaji 7. Kuchelewa hakumgharimu tena riba ya ukoo unaokua. Kunamgharimu tu ile hatari ya kufa ndani ya siku tatu, na 0.9 × 0.9 × 0.9 ni 0.729, na 5 ukigawa kwa 0.729 unapata chini kidogo ya 7.

Namba tatu hizo, 14, 25 na 7, zimenifaa kuliko jedwali lote la r na K. Mama ni walewale. Kilichobadilika ni umri ambao kifo kinapiga, na kama ukoo unakua au umesimama.

Anayependa hesabu za zamani atatambua mkondo huu. Mwaka 1954 Lamont Cole alionyesha kitendawili: mmea wa mwaka mmoja ukiongeza mbegu moja tu juu ya zile za mmea usiokufa kamwe, ukoo wake unaongezeka kwa kasi sawa na wa mwenzake. Basi kwa nini kuna miti? Eric Charnov na William Schaffer walitoa jibu mwaka 1973. Hesabu ya Cole ilichukulia kwamba mche na mkubwa wana nafasi sawa ya kuishi. Ukizitenganisha, mbegu za ziada zinazohitajika ni nafasi ya mkubwa kuishi ukigawa kwa nafasi ya mche. Mkubwa akiwa na 0.8 na mche 0.01, si mbegu moja tena, ni 80.

20 Machi: chupa zilizojaa

Majike wachache wa umri mmoja waliwekwa kwenye kila chupa ya lita moja, na kila siku chakula kilekile. Nilitegemea mkondo wa herufi S, ule ambao Pierre-François Verhulst aliuandikia mlinganyo mwaka 1838: kupanda taratibu, kasi, kisha kutulia kwenye kikomo.

Haikutulia, kwa sababu mbili, na moja tu ndiyo ya kweli.

Ile ya uongo ni chakula. "Kijiko kimoja cha maji ya mwani" si kipimo, kwa kuwa chupa ya mwani yenyewe inazidi kuwa nzito kadiri wiki zinavyokwenda. Kijiko cha wiki ya tatu kilikuwa chakula kingi kuliko cha wiki ya kwanza, na kikomo kilikuwa kinapanda huku nikikitafuta. Suluhisho halihitaji kifaa cha maabara. Chora msalaba mweusi kwenye karatasi, weka chini ya glasi, mimina maji ya mwani hadi kimo kilekile kila siku, kisha yazimue hadi msalaba uanze tu kuonekana. Hapo ndipo upime kijiko. Chupa zote za mwanzo zilimwagwa na kuanzishwa upya.

Ile ya kweli ilibaki hata baada ya marekebisho. Idadi inapanda kupita kikomo, kisha inaporomoka. Chakula kinapokwisha, mayai tayari yako mfukoni na mama ana matone ya mafuta mwilini, kwa hiyo watoto wanaendelea kutoka siku kadhaa ndani ya chupa isiyoweza kuwalisha. Mlinganyo wa Verhulst hauna ucheleweshaji huo. Ndani yake kila kiumbe anajua papo hapo kwamba wamejaa.

Na wanaokufa ni nani? Wachanga. Baada ya anguko chupa inabaki na wakubwa wachache, wamekonda, mfuko mtupu, wanaishi tu. Nikawaangalia walioanza kuzaa tena chini ya njaa: mayai machache, pengine mawili matatu, lakini kila yai nene. Watoto wao, wakilazwa kwenye karatasi ya grafu chini ya lenzi, ni warefu kuliko watoto wa mama walioshiba. Mtoto mkubwa huzaliwa na akiba na anavumilia njaa siku nyingi zaidi. Mabinti wa ukoo uleule, waliokuwa wanamwaga watoto wadogo kwa wingi mwezi uliopita, sasa wanafuata safu ya K ya Pianka karibu mstari kwa mstari.

Vikombe vya jedwali la uhai bado vinaendelea. Wazee wa mwanzo wanazaa uzao mdogo kuliko zamani lakini hawajaacha.

11 Aprili: harufu ya samaki

Sasa upande wa pili: kifo kinachochagua wakubwa. Sikutaka samaki wawale, kwa sababu hapo huwezi kutenganisha waliobadilika na walioliwa. Dafnia hutambua kemikali zinazotoka kwa samaki, kwa hiyo inatosha kuwatia maji ambamo samaki ameishi, bila samaki mwenyewe.

Jaribio la kwanza lilifeli kwa namna ya kudanganya: matokeo yalikuwa mazuri mno. Waliotiwa maji ya samaki walizaa mapema na kwa wingi, na waliotiwa maji safi walibaki nyuma kwa kila kitu, hata ukubwa. Hilo la ukubwa ndilo lililotoa siri. Maji ya samaki yana kinyesi, bakteria na mwani mdogo. Nilikuwa nimewapa upande mmoja chakula cha ziada, basi.

Marekebisho yalikuwa haya. Kuna matangi mawili yanayofanana, moja lina samaki, moja halina, na yote mawili yanapewa chakula cha samaki kilekile. Maji ya yote mawili yanachujwa kwa karatasi ya kuchujia kabla ya kutumika. Mwani unapimwa kwa msalaba. Na maji yanachotwa upya kila siku, kwa sababu bakteria huvunja ile kemikali. Maji yaliyolala siku mbili tatu yamepoteza nguvu. Samaki akilishwa dafnia wenyewe, ishara inakuwa kali zaidi.

Safari hii picha ilibadilika. Wenye harufu ya samaki wanabeba mayai mapema, wakiwa wadogo wa mwili kuliko wenzao. Mayai yao ni mengi kwa saizi yao, na watoto ni wadogo. Samaki huwinda kwa macho na huchagua kilicho kikubwa, kwa hiyo mwili mkubwa ni hasara na kila siku ya kusubiri ni bahati nasibu. Ni Haraka wa Excel, mwenye mpinzani anayehitaji watoto 25.

Kuna wadudu wa maji wanaofanya kinyume. Viluwiluwi vya Chaoborus, nzi mdogo anayefanana na mbu, hukamata dafnia wadogo tu kwa kuwa wakubwa hawaingii kinywani. Harufu yao humfanya Daphnia pulex akue kwanza na achelewe kuzaa, na watoto wake huota vijimeno shingoni. Sikuweza kuwapata Chaoborus kwa wingi wa kutosha, hivyo sehemu hiyo haijafanyika hapa.

Dafnia hubadilika ndani ya maisha yake mwenyewe. Ushahidi kwamba jambo hilihili linaweza kuingia hadi kwenye urithi unatoka kwa samaki wadogo, gapi, katika mito ya Trinidad. Sehemu za chini za mito wanaishi na samaki wakubwa wanaokula gapi waliokomaa. Juu ya maporomoko adui ni mdogo na hula hasa wachanga. Mwaka 1976 John Endler aliwahamisha gapi wa chini kwenda kijito cha juu kisichokuwa na gapi. Mwaka 1990 David Reznick na wenzake waliripoti kwamba baada ya miaka 11 wazawa wa wale waliohamishwa walikuwa wanakomaa wakiwa na umri na mwili mkubwa zaidi, na wanazaa watoto wachache wakubwa, hata walipofugwa maabara katika hali sawa na wengine.

6 Mei: matandiko

Chupa moja iliachwa makusudi: chakula kikapunguzwa, msongamano ukabaki, na taa ikashushwa hadi saa 8 za mwanga. Hali hizo tatu kwa pamoja ndizo zinazowaambia dafnia kwamba mambo yanakwisha.

Kwanza wanatokea madume. Ni wadogo, na wana vipapasio virefu vya mbele vinavyowatambulisha. Halafu baadhi ya majike wanapata kitu cheusi mgongoni chenye umbo la tandiko la farasi. Ndani ya tandiko kuna nafasi ya mayai mawili, na mayai haya ni lazima yarutubishwe. Jike akijivua gamba, tandiko linatoka nalo na kuzama au kuelea. Humo yai linaweza kukauka, kuganda na kungoja miaka mingi. Watafiti wameangua mayai ya dafnia yaliyotolewa kwenye matope ya ziwa yenye umri wa mamia ya miaka.

Tahadhari kwa atakayerudia: matandiko mengi ya mwanzo yalikuwa matupu. Jike asiyepata dume hutengeneza tandiko lilelile na kulivua bila kitu ndani. Usiyahesabu kwa rangi. Lifungue moja moja kwa sindano chini ya lenzi, angalau sampuli, kabla ya kujisifu una akiba.

Kuona mama anayeweza kuzaa mabinti 20 akitoa mayai mawili yaliyofungwa kwenye ganda ni kuona gharama ya kungoja kwa macho.

19 Juni: kuangua

Matandiko yaliyowekwa kwenye maji mara tu baada ya kukauka hayakuangua hata moja. Yai la kulala halitaki maji tu. Mengine yaliwekwa kwenye friji gizani kwa wiki kadhaa, kisha yakatiwa maji mapya chini ya taa kali. Baada ya siku chache wakatoka, wote majike, tayari kuzaa bila dume.

Wametoka baadhi tu. Yaliyobaki yalifunguliwa machache, na mayai yalikuwa mazima. Kwa mfugaji hii inaonekana hasara. Dan Cohen alieleza mantiki yake mwaka 1966 kwa mimea ya jangwani: mbegu zote zikiota mvua ya kwanza na mvua ikakatika, ukoo umekwisha. Kuacha sehemu ardhini kunashusha faida ya mwaka mzuri na kunaokoa ukoo mwaka mbaya. Mgawo unaofaa unategemea miaka mibaya huja mara ngapi.

Dafnia waliozidi hawamwagwi mtoni wala bwawani, na matandiko hasa. Maji yote yanayotoka kwenye mradi huchemshwa kwanza.

3 Julai: jedwali la kasa

Vikombe vimefungwa, mzee wa mwisho amekufa, na jedwali la uhai liko kamili. Kilichobaki ni kuuliza swali la vitendo: ukitaka kuongeza au kupunguza idadi, uguse umri gani?

Mfano unaojulikana ni wa kasa wa Loggerhead. Kwa miaka mingi nguvu iliwekwa kwenye kulinda viota, kwa kuwa mayai ndiyo yanayoonekana na ndiyo yanayokufa kwa wingi. Mwaka 1987 Deborah Crouse, Larry Crowder na Hal Caswell walijenga modeli ya hatua za maisha yake. Hata walipofanya mayai yote yaokoke, idadi kwenye modeli iliendelea kushuka. Walipoongeza kuokoka kwa kasa wakubwa ambao bado hawajakomaa, ikapanda. Hao ndio waliokuwa wanazama kwenye nyavu za kuvulia kamba wa baharini, na hesabu hiyo iliipa nguvu hoja ya kuweka milango ya kuwatoa kasa kwenye nyavu hizo.

Nilimfanyia Haraka mtihani uleule. Bila vifo ukoo wake hukua kwa asilimia 40.8 kwa siku. Ua asilimia 10 ya watoto kabla hawajazaa mara ya kwanza: inashuka hadi 38.9. Ua badala yake asilimia 10 ya mama kati ya kila uzao na uzao unaofuata: 39.8. Pigo la watoto ni karibu mara mbili ya pigo la mama, kinyume kabisa na kasa, ingawa mama hao wanapigwa tena na tena na mtoto anapigwa mara moja tu. Kwenye ukoo unaokua kwa kasi hiyo, uzao wa kwanza ndio wenye uzito, na za baadaye huhesabika kidogo sana.

Faili la Excel lina karatasi tatu: vikombe, chupa, na Haraka na Subira. Kwenye hiyo ya tatu seli za njano ndizo za kubadilisha: siku ya uzao wa kwanza, watoto kwa uzao, kuokoka kwa watoto, kuokoka kwa wakubwa. Ukiweka kukomaa kwa kuchelewa sana na kuokoka kwa wakubwa karibu na 1, utaiona ile tofauti ya watoto na mama ikipungua, ikalingana, kisha ikageuka kuwa ya kasa.